Misuli haisukumi, inavuta tu: wasukuma chukudu wa Goma, njooni mnipinge

#1 BintiKeshero (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wote. Uzi huu umezaliwa kwa ugomvi, kwa hiyo nivumilieni.

Jana nilikuwa nashuka kutoka Majengo kuelekea Birere. Mbele yangu papa mmoja na chukudu yake (kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo), imejaa viazi na makabichi juu yake, kwenye kale kamwinuko kenye mawe ya volkano imegoma kabisa. Nikaweka begi mgongoni, nikashika nyuma, tukaipandisha. Tulipofika juu tunahema, ujuaji wa mwanafunzi wa mwaka wa pili ukanipanda kichwani. (Ninasomea kine, ile kazi ya kurudisha viungo kwa mazoezi.) Nikamwambia: "Papa, unajua misuli yako haijawahi kusukuma kitu hata siku moja?"

Akaniangalia. Akaangalia magunia. "Basi haya yametoka Kibumba kwa miguu yao?"

Watu wakacheka, mimi nikaona aibu, lakini nilichosema ni kweli na nakirudia hapa. Msuli unajua kitendo kimoja tu: kujivuta ukawa mfupi. Ukimaliza unalegea. Hauna namna ya kujirefusha kwa nguvu. Ni kama kamba: kwa kamba unaweza kumvuta mbuzi mpaka sokoni, lakini nani amewahi kumsukuma mbuzi kwa kamba?

Sasa chukudu inasukumwa vipi? Weka mkono wa kushoto nyuma ya mkono wa kulia, kati ya bega na kiwiko, halafu wa kulia usukume ukuta. Umesikia pamekuwa pagumu? Hiyo ni trisepsi. Imeshikamana na ncha ya kiwiko, ule mfupa unaogonga mezani. Inapojivuta, inavuta hiyo ncha kurudi nyuma, na kwa kuwa kiwiko ni bawaba, kigasha, yaani mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, kinafyatuka kwenda mbele. Msuli umevuta, mfupa ndio uliosukuma. Ukitaka kukunja mkono tena, trisepsi inapumzika na bisepsi ya upande wa mbele inavuta zamu yake. Ndiyo maana karibu kila msuli wa kutembeza mfupa una mpinzani wake upande wa pili.

Njooni mnipinge.

#2 Chukudu_ya_Kibumba

Binti, mi si yule papa wa jana lakini niko mwenzake, nasukuma tangu 2009. Ile ya kamba na mbuzi nimeisikia, nimecheka peke yangu hapa. Lakini kama iko vile, kwa nini usiku iko inaniuma paja ya mbele kuliko mkono? Mi nasukuma na mikono.

Na ingine. Goti yangu ya kushoto, ile naweka juu ya chukudu, iko na kitu kama yai fasi ya mbele. Laini. Watu banasema ni mishipa imekusanyika. Kuna mzee anakanda, amesema nilete kuku.

#3 Bucha_Virunga

Mimi kisomo changu kiliishia darasa la sita, ila nimekata ng'ombe miaka kumi na minane, na huyu binti hajadanganya.

Mnabishana bure. Njooni kwenye meza yangu muone. Nyama ya paja ina nyuzi, ukiichemsha zinaachana moja moja kama sufi. Moyo nao ni nyama, ila nyuzi zake zimefumana, zinaingiliana, huwezi kuzichambua. Kisu chenyewe kinakwambia kwamba hapa ni mahali pengine. Na matumbo: ukuta wake unavutika ukiuvuta, halafu unarudi polepole. Mama akija kununua steki, moyo na matumbo, ndugu zangu, amebeba misuli ya aina zote tatu kwenye kikapu kimoja na hajui.

Mna habari kwamba ng'ombe akishakufa nyama yake bado inarukaruka? Nimeona wanafunzi wangu wa kazi wakikimbia. Halafu baada ya masaa inakauka, inakuwa kama ubao. Ukiiacha siku moja mbili mahali pa baridi inalegea tena na hapo ndipo inakuwa tamu. Hilo kwa miaka yote nimelijua, sababu yake sijawahi kuambiwa. Binti, nisaidie.

#4 BintiKeshero

Papa Bucha, ungekuwa mwalimu wetu wa anatomia nisingesinzia darasani.

Ndani ya kila uzi wa nyama kuna nyuzi ndogo zaidi, za protini mbili: moja nene, inaitwa miosini, na moja nyembamba, inaitwa aktini. Zimepangwa kama vidole vya mikono miwili vilivyopishana. Miosini ina vichwa vidogo vinavyoshika aktini, vinaivuta, vinaachia, vinashika mbele kidogo, vinavuta tena. Kama wavuvi wa Kituku wanavyovuta kamba ya wavu, mkono juu ya mkono. Nyuzi zenyewe hazifupiki, zinateleza tu zikazidi kupishana, na msuli mzima unakuwa mfupi. Wanasayansi walilieleza hilo mwaka 1954.

Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Nishati inahitajika ili kuvuta, sawa. Lakini inahitajika pia ili kuachia. Nishati hiyo inatoka kwenye kemikali iitwayo ATP. Ng'ombe akifa, kwa muda bado kuna akiba, ndiyo hiyo mirukoruko. Akiba ikiisha, vichwa vya miosini vinabaki vimeng'ang'ania aktini, hakuna wa kuviachisha. Nyama inakuwa ubao. Maiti ya mtu vilevile, ndiyo maana wanaoosha wafu huwahi kunyoosha viungo. Kulegea kwa baadaye si kwamba vimeachia kwa hiari. Ni vimeng'enya, yaani protini za kumeng'enya, vya nyama yenyewe vinavyokatakata nyuzi.

Papa wa Kibumba, paja linauma kwa sababu mikono yako inashikilia tu. Anayesukuma ni mguu unaokanyaga lami, na anayeunyoosha mguu kwenye goti ni msuli mkubwa wa mbele ya paja wenye vichwa vinne, kwadrisepsi. Pamoja na makalio, maana msuli mkubwa kuliko yote mwilini ni wa kalio. Goti lako nitalirudia, usimpe mtu kuku kwanza.

Ila neno "mishipa" limenichosha. Mshipa wa damu ni mshipa. Neva ni mshipa. Ile kamba nyeupe ya kisigino nayo mshipa. Mtu akipata ngiri anasema ana mshipa! Mgonjwa akiniambia "mishipa inauma" nakuwa sijaambiwa kitu. Kamba inayounganisha msuli na mfupa ni kano. Inayounganisha mfupa na mfupa mwenzake ni ligamenti. Tuanzie hapo.

#5 Bucha_Virunga

Kano! Wateja wananirudishia nyama kwa sababu ya hiyo. Haitafuniki.

#6 Kadutu_Juu

Salamu kutoka Bukavu. Nina swali la mtu asiyesoma biolojia. Wanasema misuli ya mifupa inatii amri yako, na ile ya utumbo na moyo haikutii. Sawa. Sasa kupumua? Nikitaka nazuia pumzi. Nikilala napumua bila kutaka. Hiyo ni aina gani?

#7 BintiKeshero

Yaya, umegusa swali ambalo lilinikosesha alama mwaka jana. Kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, ni msuli wa aina ile ile ya paja. Ukiuangalia kwa hadubini una mistari ileile. Kwa hiyo unakutii wewe ukitaka. Usipojishughulisha, ubongo wa chini unaendesha. Kwikwi ni kiwambo hichohicho kikijivuta kwa kushtuka.

Moyo ni kesi nyingine. Nao una mistari, lakini hausubiri mtu. Una kituo chake chenyewe cha kutoa umeme, kwenye chumba cha juu kulia, na hata neva zote za kutoka kwenye ubongo zikikatwa, utaendelea kupiga. Ndiyo maana moyo unaweza kuhamishwa kwa mtu mwingine, kama walivyofanya kwa mara ya kwanza Cape Town mwaka 1967, na ukaanza kudunda mle kifuani pa wenyewe. Kwa mapigo 70 kwa dakika, ni zaidi ya laki moja kwa siku moja.

Na ile misuli laini, aina ya matumbo, haina mistari kabisa. Inakwenda polepole na haichoki upesi. Iko kwenye utumbo, kibofu, kuta za mishipa ya damu (hii ni mishipa kweli), njia za hewa, hata ndani ya jicho inafungua na kufunga mboni. Baridi ya alfajiri ya Goma ikikusisimua nywele za mkono, ni visuli laini vidogo, kimoja kwa kila unywele. Na umio unasukuma chakula kwa kujibana nyuma ya tonge, kwa hiyo hata ukila fufu ukiwa kichwa chini, itafika tumboni. Usijaribu lakini.

#8 Mzee_Mpinzani

Ahaa! Umesema "unasukuma". Nimepiga picha ya skrini.

#9 Mama_Mkunga_Ndosho

Muacheni mtoto wa watu, nitamjibia mimi. Unapokamua ndimu, vidole vyako vinaibana, maji ndiyo yanayotoka. Msuli unaozunguka kitu, ukijivuta, duara lake linakuwa dogo. Kilichomo ndani kitakwenda wapi? Umio ni hivyo, moyo ni hivyo, na mji wa mimba ni hivyo.

Na kwa kuwa mmeutaja mwili bila kumtaja mama, niseme kidogo. Mji wa mimba wa mwanamke asiye mjamzito una uzito wa gramu 60 hivi, unaufunika kwa ngumi. Mimba ikitimia, ule ukuta wenyewe, bila mtoto wala maji, unakaribia kilo 1. Hakuna msuli wa kunyanyua vyuma uliowahi kukua hivyo kwa miezi tisa. Na ni msuli laini: mama hauamuru. Mabinti wananiambia, "Mama, niambie nisimamishe uchungu kidogo nipumzike." Mwanangu, huo si mkono wako! Unachoamuru wewe ni misuli ya tumbo, kusukuma pale nikikwambia. Mtoto akishatoka, ninamweka titini haraka, maana akinyonya, homoni inatoka inayofanya mji ujibane na damu ipungue. Mama anasikia tumbo linamkata kidogo, anaogopa. Ni msuli unarudi kwake.

Maungio nayo yanabadilika. Kuna homoni inayolegeza ligamenti za nyonga, na pale mbele chini ya kitovu mifupa miwili ya nyonga inaunganishwa na gegedu, ule kama mfupa laini unaopindika, inapata kuachana kidogo. Mwendo wa mjamzito mnaoucheka una sababu yake. Upande wa mtoto, mifupa ya fuvu bado haijafungana, inapandana kidogo apate kupita. Utosi unaouona unapiga ni mahali ambapo mifupa hiyo haijakutana. Kwa mtu mzima imeshonana kabisa, ni maungio yasiyotembea.

#10 Kocha_Himbi

Aksanti Mama. Sisi wa michezo tuna jambo letu. Uwanja tunaochezea una mawe kama meno. Kila wiki mtu anageuza kifundo cha mguu, na kila wiki anatokea shangazi na maji ya moto na kitambaa anakanda kwa nguvu mpaka kijana analia. Kesho yake mguu ni kama ndizi ya kupika. Nimepigana na hili mpaka nimechoka. Kijana wangu mmoja alivutwa mguu na mtu anayesifiwa mtaa mzima, kumbe mfupa ulikuwa umepasuka. Alikaa nje msimu wote.

Binti, liseme wewe, pengine watakusikia.

#11 BintiKeshero

Kocha, tunasema "kuteguka" kwa mambo mawili tofauti. Kifundo kikigeuka, mara nyingi ni ligamenti za upande wa nje zimevutika au kuchanika. Mifupa iko mahali pake. Hakuna cha kurudisha, kwa hiyo kuvuta ni kuchana zaidi. Bega likitoka, hapo mfupa umeacha mahali pake kweli, na anayerudisha awe anajua kwanza kama kuna mvunjiko. Na paja "likikatika" unapokimbia, huo ni msuli, si ungio.

Siku mbili za kwanza: pumzisha, funga bandeji isiyobana mpaka vidole vikafa ganzi, inua mguu juu ya kiti, weka baridi. Barafu si lazima ununue ya bei. Wauza samaki wanayo, funga kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, usiigusishe ngozi moja kwa moja. Joto na kukanda kwa wakati ule vinafungua mishipa ya damu na uvimbe unaongezeka. Asipoweza kukanyaga hatua nne, mpelekeni akapigwe picha.

Kuhusu bega kutoka kila mara: viungo vinavyotembea sana vimejengwa kama chukudu. Nacheka lakini ni kweli. Usukani wa chukudu unazunguka kwenye mti mmoja uliosimama. Shingo yako juu kabisa iko hivyo, pingili ya kwanza inazunguka kwenye jino la pingili ya pili, ndiyo "hapana" ya kichwa. Kiwiko ni bawaba ya mlango. Nyonga na bega ni mpira ndani ya bakuli. Ila bakuli la nyonga ni refu, linameza mpira. La bega ni kama kisahani, mpira umeegeshwa tu, unashikwa na misuli na ligamenti. Tumepewa mkono wa kufika mgongoni na juu ya kichwa, bei yake ni hiyo. Na kidole gumba kina ungio la kama tandiko la farasi, kinakwenda pande zote mbili na kugusa vidole vingine. Bila hilo hata usukani usingeushika.

Ncha za mifupa hiyo zimepakwa gegedu, na ndani ya mfuko wake mna ute. Grisi, kwa lugha ya chukudu.

#12 Bucha_Virunga

Ule ute nauona ninapofungua goti la ng'ombe. Unavutika kama wa yai. Na gegedu ina weupe wa bluu kidogo, inateleza kuliko sabuni.

Shingo nimehesabu pingili saba, kwa ng'ombe na kwa mbuzi.

#13 BintiKeshero

Na kwako saba. Na kwa twiga wa kule mbuga ya Garamba saba. Kila moja ya kwake ni ndefu tu.

Gegedu hiyo, Papa Bucha, uliwahi kuiona ikitoa damu? Haina mishipa. Inakula kupitia ule ute, na ute unaingia ungio likitembezwa, kama sifongo inayokamuliwa na kuachiwa. Kwa hiyo ikikwaruzwa inapona kwa shida sana, na mzee anayekaa kitako kwa sababu "goti limekauka" anaikausha zaidi. Atembee kidogo kidogo.

#14 Kadutu_Juu

Na kualika vidole? Mama yangu anasema vitavimba uzeeni. Huku kwetu wanawake wanabeba mzigo mgongoni kwa kamba ya paji la uso, shingo hiyo ndiyo ningeiogopa mimi.

#15 BintiKeshero

Vidole: ni kipovu cha gesi kwenye ute. Kuna daktari wa Marekani, Donald Unger, aliyealika vidole vya mkono mmoja tu kwa miaka 60 na zaidi, wa pili akauacha, ili ampinge mama yake. Mikono yote miwili ikabaki mizima.

Shingo uko sahihi kuiogopa. Kati ya pingili na pingili kuna sahani ya gegedu yenye kitu laini katikati. Uzito wa kila siku unaibana, na ikitokeza inaweza kugusa neva. Mkono unakufa ganzi, tunaambiwa ni mishipa. Hapo, kwa mara moja, wangekuwa karibu na ukweli.

Sasa goti la Papa wa Kibumba. Unapiga goti kwenye kale kampira ka chukudu, siyo? Mbele ya kilegesambwa, ule mfupa wa mbele ya goti, chini ya ngozi tu, kuna kifuko kidogo chembamba chenye ute kidogo, kazi yake ngozi iteleze juu ya mfupa. Ukikigandamiza masaa kwa masaa, barabara inatikisa, kinajaa maji. Ndilo yai lako. Hata wanaopiga deki kwa magoti hulipata. Liko nje ya ungio lenyewe, kwa hiyo goti bado linakunjika vizuri, au nimekosea? Kukandwa kwa nguvu kunalichokoza. Lipumzishe, ongeza unene wa ule mpira, badilisha miguu. Lakini likiwa jekundu, la moto, au ukapata homa, usiandike hapa, nenda hospitali siku hiyohiyo, maana vijidudu vimeingia.

#16 Chukudu_ya_Kibumba

Inakunjika muzuri, njo vile. Moto hapana. Kuku iko inabaki nyumbani, mama watoto amefurahi kuliko mimi. Nimeweka kipande ya godoro juu ya mpira, na kulia nimejaribu leo: nilikaribia kuanguka pale rond-poin, mbele ya ile sanamu ya chukudu ya dhahabu yenyewe. Watu banapiga picha.

#17 Mzee_Mpinzani

Nimesoma yote, nimekaa kimya, nimetafakari. Ndimu ya Mama Mkunga nimeikubali. Lakini swali la mwisho na huyu binti hatoki. Ulimi. Ukitoa ulimi nje, unavutwa na nani? Huko nje mbele ya meno hakuna mfupa. Hakuna mtu amesimama nje anauvuta. Ulimi unasukumwa. Nasubiri.

#18 BintiKeshero

...

Nipeni mpaka kesho.

#19 Kocha_Himbi

😂😂😂 Bao!

#20 BintiKeshero

Nimerudi, nimelala saa saba usiku kwa ajili yako, Mzee.

Shika chini ya kidevu chako, ndani ya taya. Pale nyuma ya mfupa wa kidevu ndipo unapoanza msuli mkubwa wa ulimi, unapanuka kama feni kwenda mpaka shina la ulimi, kule karibu na koromeo. Ukijivuta, unaliburuta shina kuja mbele, kuelekea kidevuni. Ncha haina pa kukaa tena, inatoka nje. Na kuna nyuzi nyingine zinazokata ulimi kwa upana. Zikijivuta ulimi unakuwa mwembamba, na kwa kuwa nyama haipungui, inarefuka, kama udongo wa mfinyanzi ukiubana mkononi. Umevutwa, Mzee, kutokea nyuma ya meno yako mwenyewe.

#21 Mzee_Mpinzani

Nimetoa ulimi mbele ya kioo mara kumi. Wajukuu wananiuliza kama nimeanza.

#22 Bucha_Virunga

Kesho nina ulimi wa ng'ombe mezani. Nitaukata kwa mapana tuone hizo nyuzi. Anayetaka kuja aje kabla ya saa nne, ukishauzwa umeuzwa.